Si lazima avae jezi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba moja ya Kamachumu, wilayani Muleba, mama mwenye nyumba aliniwekea mezani madaftari manne yaliyochakaa majalada, akamwita mwanawe wa kidato cha nne asimame karibu, kisha akasema kwa sauti ya mtu ambaye jambo hilo amekwisha kulisema mara nyingi: "Waitu, wewe ni mtu wa magazeti. Hebu mwambie huyu kama haya ni masomo."

Niliyafungua. Hesabu hazikuwamo, wala historia, wala Kiingereza. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, na katika mistari hiyo yaliandikwa majina ya wachezaji wa Ligi Kuu, tarehe ya mchezo, dakika ya kila bao, nani aliingia mahali pa nani, na mwishoni mwa kila mstari vidoto vya wino wa njano na mwekundu. Yote hayo kijana aliyachota redioni, jioni baada ya jioni, akiwa ameketi kibarazani na kalamu mkononi. Kuucheza mpira wenyewe hajui. Mama yake alinithibitishia hilo bila kumwonea haya: danadana tatu hazifikishi.

Nilikuwa nimekwenda Kagera kwa habari za kahawa, na madaftari yale hayakuwa kazi yangu. Lakini swali la mama yule nilikutana nalo tena mjini Bukoba, kwa baba mmoja mwenye duka karibu na soko, kisha nikalisikia kwa mara ya tatu ndani ya basi, nikatambua kwamba ni swali la nyumba nyingi. Mtoto anaupenda mpira kuliko chakula, na miguu ya mpira hakujaliwa. Je, apigwe marufuku akazane na vitabu, au ipo riziki ya halali kwa mtu wa namna hiyo?

Ipo. Na mkoa wa Kagera, ulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,400, ni mahali pazuri pa kuijua kazi hiyo pamoja na taabu zake.

KIDOTO KIMOJA CHA NJANO

Nilimwuliza kijana vile vidoto vya njano ni vya nini. Akajibu kwa neno moja: "Fakhi."

"Mjibu mgeni vizuri," mama yake akamkemea.

"Samahani, baba. Ni kwa sababu ya habari ya Fakhi. Mjomba alinisimulia."

Habari yenyewe ni hii, na kwa wale walioisahau inafaa kukumbushwa. Tarehe 2 Aprili 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba mabao 2-1 katika uwanja wa Kaitaba. Simba ilikuwa ikiwania ubingwa bega kwa bega na Yanga, na pointi tatu zilizopotea Bukoba ziliiuma sana. Ikalalamika kwamba mlinzi wa Kagera Sugar, Mohamed Fakhi, alicheza siku ile hali anazo kadi tatu za njano, na kwa kanuni za ligi za wakati huo mwenye kadi tatu alikaa nje mchezo mmoja unaofuata. Kagera Sugar ikasema kadi hizo hazijafika tatu. Ubishi wote ukabaki juu ya kadi moja, ile iliyodaiwa kutolewa mwezi Januari katika mchezo dhidi ya African Lyon. Ilitolewa, au haikutolewa?

Kamati ya ligi, maarufu kama Kamati ya Saa 72, iliipa Simba pointi tatu na mabao matatu. Kabla mwezi haujaisha, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, ikazirudisha pointi Bukoba, ikieleza kasoro za utaratibu wa malalamiko yenyewe. Msimu ulipokwisha, Yanga na Simba walikuwa sawasawa, pointi 68 kwa 68, na kombe likaenda Jangwani kwa tofauti ya mabao.

Msomaji azingatie jambo moja. Katika siku zile za Aprili ambapo pointi tatu zilihama kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam na kurudi tena Bukoba, hakuna mchezaji hata mmoja aliyeugusa mpira kwa ajili yake. Waliocheza walikuwa makatibu, wanasheria na watunza kumbukumbu. Karatasi ya mwamuzi ilikuwa na thamani kuliko mguu wa mshambuliaji. Kijana wa Kamachumu alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi mambo hayo yalipotokea, lakini alipoyasikia kwa mjomba wake alijisemea kwamba timu ingekuwa na mtu wa kuandika kila kadi siku ileile, ubishi usingekuwapo. Akanunua kalamu ya njano.

WATU WA OFISINI

Klabu ya kandanda ina watu wa namna mbili. Wapo wanaoonekana: wachezaji, kocha, daktari anayekimbia na ndoo. Na wapo wa ofisini, ambao mashabiki huwakumbuka siku ya matusi tu. Hawa ndio wanaotafuta mchezaji, wakapatana naye, wakaandika mkataba na kuupeleka shirikishoni kabla dirisha la usajili halijafungwa. Hao hao hutafuta basi na mahali pa kulala, hulipa mishahara au huomba radhi wasipolipa, huandika barua za rufaa, huhesabu kadi, humbembeleza mdhamini, na mambo yakiharibika humwachisha kocha kazi kisha hukaa kimya wakati mashabiki wakipiga kelele mlangoni.

Nchi iliyoifanya kazi hii kuwa taaluma kamili kabla ya nyingi nyingine ni Marekani, katika mchezo wao wa besiboli. Ni mchezo wa kurusha, kupiga kwa gongo na kukimbilia vituo, na huku kwetu wengi tumeuona katika filamu tu. Klabu ya besiboli ya huko huwa na meneja mkuu, mtu asiyevaa jezi wala kukaa na wachezaji, ambaye kazi yake ni kuijenga timu kwa kalamu: amnunue nani, amwuze nani, amlipe nani kiasi gani, kijana yupi asubiriwe. Kocha hupewa wachezaji, meneja mkuu ndiye anayewaleta.

Aliyeipa kazi hiyo sura yake ni Branch Rickey, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1965. Alianza akiwa mchezaji, na mchezaji hafifu. Alikuwa mdakaji, mtu wa kuwazuia wapinzani wasiibe vituo, na katika mchezo mmoja wa mwaka 1907 wapinzani waliiba vituo 13 mbele ya macho yake. Akaenda kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akarudi mpirani kupitia mlango wa ofisi. Alipokuwa St. Louis, kwenye klabu isiyo na fedha za kushindana na matajiri wa miji mikubwa, aliamua kwamba asiyeweza kununua wachezaji waliokomaa na awaoteshe mwenyewe. Klabu yake ikashika vilabu vidogo vya mikoani, ikaweka vijana humo, ikangoja waive.

Lakini kinachomfanya Rickey akumbukwe duniani ni jambo zito zaidi. Kwa zaidi ya miaka 50 watu weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kubwa za besiboli za Marekani. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Wenye vilabu walielewana tu. Mwaka 1945, akiwa na klabu ya Brooklyn Dodgers, Rickey alimsajili kijana mweusi Jackie Robinson, na tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani. Matusi na vitisho aliyavumilia Robinson, na sifa ya ushujaa ni yake. Hata hivyo ukuta ule ulibomolewa kwanza kwenye meza ya ofisi, kwa saini chini ya mkataba.

KUTOKA BALIMI HADI KAGERA SUGAR

Turudi nyumbani. Wazee wa Bukoba bado wanaitaja Balimi, timu iliyobeba jina la wakulima kwa Kihaya, na katika miaka ya 1980 RTC Kagera ilikuwa miongoni mwa timu zilizousumbua ukanda wa pwani. RTC ilikuwa Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Enzi hizo ndivyo kandanda ya nchi hii ilivyolishwa: Bandari, Reli, Pamba, Ushirika, kila shirika na timu yake. Mchezaji aliandikwa kazini, akapata mshahara kwa kuhesabu magunia au kukaa lango la ghala, na saa tisa alasiri akaenda mazoezini. Katibu wa timu naye alikuwa mtumishi wa shirika, mara nyingi karani au mhasibu, aliyeifanya kazi ya klabu baada ya saa za kazi bila malipo ya ziada.

Mpango huo ulikuwa na uzuri wake, na mimi si katika wanaoubeza. Uliwapa vijana wa mikoani ajira na nidhamu, na katibu aliyezoea kutunza daftari la ghala alijua kutunza daftari la timu. Udhaifu wake ulionekana baadaye. Makampuni ya biashara ya mikoa yalipokufa, timu zake zilikufa pamoja nayo, kwa kuwa klabu haikuwa na chochote kilicho chake: uwanja hauna, akiba haina, wanachama wanaolipa ada hawapo. Ofisi ya shirika ilipofungwa, kabati la timu lilifungwa pia, na sidhani kama kuna mtu anayejua yako wapi mafaili yake.

Kagera Sugar imetoka katika mti wa aina hiyo hiyo. Mama yake ni kiwanda cha sukari kilichopo Missenyi, karibu na mto Kagera, katika ardhi ambayo majeshi ya Idi Amin yaliivamia mwaka 1978. Timu ilipanda Ligi Kuu na kukaa humo karibu miongo miwili mfululizo, jambo ambalo timu nyingi za mikoani hazikuliweza. Watu husifu magoli, lakini anayetaka kujua ofisi ilifanya kazi gani aangalie ramani. Kila timu ya ligi huja Bukoba mara moja kwa msimu, ikalalamika juu ya umbali, ikaondoka. Kagera Sugar husafiri umbali huo kila inapotoka nyumbani. Mtu wa kupanga safari hizo lazima ajue wapi basi litalala, wachezaji watakula nini Singida usiku wa manane, na kama mchezo wa Jumatano wa pwani na wa Jumapili wa nyumbani vinawezekana bila kuua watu kwa uchovu.

Kisha ukaja mtihani wa Kaitaba. Uwanja huo wa Bukoba ulipangiwa kuwekwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, na kazi ikachukua muda mrefu. Timu ikawa haina nyumba. Michezo yake ya "nyumbani" ikachezwa Shinyanga, kisha Tabora, mbele ya mashabiki wasio wake, huku wapenzi wake wa Bukoba wakisikiliza redio kama yule kijana wa Muleba. Msimu wa 2015/2016 iliumaliza ikiwa karibu na mkia, ikanusurika. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwahi kuhudumia timu maana ya mambo hayo: mapato ya milangoni yanapotea, gharama za kulala ugenini zinaongezeka, na wachezaji wanaanza kuulizana kama mkataba mwingine utapatikana mahali penye utulivu.

Kaitaba ilipofunguliwa, viongozi wakamleta Mecky Mexime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars aliyekuwa akiifundisha Mtibwa Sugar. Msimu wa 2016/2017, ule ule wa Fakhi, Kagera Sugar ilishika nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Simba, ikiitangulia Azam yenye fedha mara nyingi zaidi. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 2018, ilikwenda Dar es Salaam siku ambayo Simba ilikabidhiwa kombe mbele ya Rais John Magufuli ikiwa haijapoteza hata mchezo mmoja, na ikaifunga bao 1-0. Picha za kombe zilipigwa, lakini nyuso zilikuwa zimekunjamana.

Mshambuliaji wake, Mbaraka Yusuph, alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Azam mwaka 2017. Ndiyo kawaida. Klabu ya mkoani ikilea kijana akawa mzuri, klabu ya Dar es Salaam humwona, na hapo ndipo ofisi hupimwa kwa haki: mkataba wake uliandikwaje, umebaki muda gani, ada ya uhamisho ni kiasi gani, na fedha hizo zitamleta nani mwingine. Rickey wa St. Louis aliuza sana, lakini alikuwa na foleni ya vijana nyuma ya kila aliyemwuza. Timu zetu za mikoani huuza mmoja na kubaki zinatazama mlango.

Mwaka 2019 Kagera Sugar ililazimika kucheza michezo ya mtoano na Pamba ya Mwanza ili ibaki katika Ligi Kuu, ikabaki. Msimu wa 2024/2025 ulipomalizika, haikupata tena njia ya kutokea. Ikashuka daraja.

Nilikaa asubuhi moja nje ya Kaitaba nikiwaza habari hiyo. Uwanja ule kwa watu wa Bukoba ni zaidi ya mahali pa mpira. Ndipo walipoagwa waliokufa katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na ndipo yalipowekwa majeneza ya watu 19 waliokufa katika ndege iliyoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022. Mji una mahali pamoja pa kukutania, pa furaha na pa msiba, na timu ndiyo iliyokuwa ikipafungua kila baada ya wiki mbili. Timu ikishuka, mwenye kibanda cha chai pale nje anapungukiwa, na mwenye nyumba ya wageni pia.

KALAMU INAWEZA KUPANDISHA NA KUSHUSHA

Anayetaka kuona mtu wa Kagera alifika wapi kwa njia ya ofisi ya mpira amtazame Jamal Malinzi. Alipata kuwa Katibu Mkuu wa Yanga, kisha akawa Mwenyekiti wa chama cha mpira cha mkoa wa Kagera, na mwaka 2013 akawania urais wa TFF. Jina lake lilienguliwa kwanza, uchaguzi ukasimama, FIFA ikaingilia kati, na mwezi Oktoba mwaka huo akachaguliwa kushika nafasi ya Leodegar Tenga, mhandisi aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars huko Lagos mwaka 1980. Kwa miaka minne mtu wa kutoka pembe hii ya nchi aliketi kwenye kiti cha juu cha kandanda ya Tanzania.

Mwezi Juni 2017 alifikishwa mahakamani Kisutu pamoja na katibu wake mkuu kwa mashitaka yaliyohusu fedha na nyaraka za shirikisho, akakaa mahabusu zaidi ya miaka miwili. Hukumu ilipotolewa Desemba 2019 mashitaka ya kutakatisha fedha hayakuthibitika, ila alitiwa hatiani kwa kosa la waraka, akatozwa faini. Sikumficha mama wa Kamachumu habari hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo na huko kwenye mpira kuna kusaini?" Nikamwambia, mama, huko kazi ni kusaini tangu asubuhi hadi jioni.

Alikuwa na binti pia, mdogo wa kijana, aliyekuwa akimenya ndizi huku masikio yakiwa kwetu. Kwa ajili yake nikasimulia habari za wanawake wawili. Barbara Gonzalez alikabidhiwa utendaji mkuu wa Simba mwezi Septemba 2020, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika klabu ile. Katika muda wake Simba ilitwaa ubingwa wa 2020/2021 na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwezi Desemba 2022 akatangaza kuondoka. Mwenzake wa Marekani, Kim Ng, alianza mwaka 1990 kama mwanafunzi wa mafunzo ya kazi katika klabu ya Chicago White Sox. Alipokuwa na umri wa miaka 29 alikuwa msaidizi wa meneja mkuu wa New York Yankees, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Baada ya hapo akahojiwa mara nyingi kwa kiti cha umeneja mkuu, na kila mara alipewa mwanamume. Mwezi Novemba 2020, miaka 30 tangu aanze, Miami Marlins wakamchukua, wa kwanza wa jinsia yake katika ligi kubwa za wanaume nchini mwao. Mwaka 2023 timu yake iliingia katika michezo ya mwisho ya kuwania ubingwa, na mwezi Oktoba akaacha kazi, kwa kuwa wenye klabu walitaka kuweka bosi mwingine juu yake.

"Akaacha?" binti akauliza, kisu kikiwa kimesimama hewani.

"Akaacha."

Akaendelea kumenya.

Na wala besiboli yenyewe haiko mbali kama tunavyodhani. Ukivuka mpaka wa Mutukula ukashika barabara ya Masaka kuelekea Kampala, utapita Mpigi, ambako Mmarekani Richard Stanley, mmoja wa waliokuwa wamiliki wa klabu ya Trenton Thunder, alijenga shule na viwanja vya mchezo huo. Watoto wa Uganda walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto mwaka 2011 wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wakaenda, wa kwanza kutoka bara la Afrika. Kwetu, Mjapani Shinya Tomonari aliuanzisha mchezo huo mashuleni tangu mwaka 2012, na mwaka 2018 ukafunguliwa uwanja wake katika shule ya Azania, Dar es Salaam. Huko kote walioanza walihitaji mtu wa barua, wa viza na wa hesabu kabla hawajahitaji mpiga gongo.

NJIA NA GHARAMA ZAKE

Basi kijana afanye nini? Serikali ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, ambako uongozi na utawala wa michezo hufundishwa kwa ngazi ya stashahada. Wapo pia wanaoingia kwa mlango wa uhasibu au sheria, na ushauri wangu kwa mzazi ni kwamba mlango huo ni salama zaidi, kwa sababu mhasibu aliyekosa klabu bado ni mhasibu. Nilimwambia kijana hivyo hivyo, na nilimwona hakupenda.

Ukweli mwingine nao sharti usemwe. Klabu nyingi za mikoani hazina ofisi ya kumwajiri mtu huyo. Katibu ni rafiki wa mfadhili, mafaili yako ndani ya mkoba wake, na akigombana na mfadhili huondoka nayo. Mishahara huchelewa. Nimeona kwa macho yangu, katika klabu nisiyoitaja, mikataba ya wachezaji ikiwa imefungwa kwa uzi wa kiatu na kuwekwa juu ya friji ya mahali pa kulia chakula. Mtu akiniambia timu zetu zinashuka kwa sababu ya uchawi au waamuzi, mimi hukumbuka lile friji.

Mama alikuwa akipima moyoni mwake. Ana kibanja chenye migomba na mibuni, na mavuno ya mwaka huo ndiyo yaliyokuwa karo ya mwaka unaofuata. Shemeji yake anataka kijana aende ualimu, kama wengine wa ukoo. Aliniuliza Malya karo ni kiasi gani, nikamjibu kwamba aulize chuoni kwenyewe, asitegemee mdomo wa mwandishi. Akauliza kama wasichana hupokelewa. Nikasema ndiyo.

Nilipokuwa nikiaga, aliyakusanya yale madaftari manne, akayagonga mezani yakae sawa, akampa mwanawe. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la tano, jipya, akamwekea mikononi juu ya mengine.

"Hili ni la kahawa," akamwambia. "Kilo, tarehe, bei, na nani kachukua. Piga mistari kama ile ya mpira. Na kalamu ya njano utumie kwa wanaonidai."

Kijana akaanza kutafuta rula.